Mkono wa Kulia na Mkono wa Kucheka

Ndugu zangu wenye watoto, sogeeni niwape habari za nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya raha. Baba mwenye nyumba, kinyozi hodari wa mkasi na hodari zaidi wa maneno, aliishi na mkewe na binti yao mmoja, na vicheko vyao vilisikika hadi kwa jirani. Raha iliingia doa siku binti aliposhika penseli, maana aliishika kwa mkono wa kushoto.

Kinyozi hakutaka kusikia. Kwake kushoto ni nuksi, naye hakuwa tayari kulea mtoto wa kuchekwa na walimwengu. Kila jioni alikaa na kitana mezani, na mkono ukikosea, kitana kinashuka vidoleni. Mama alisihi mpaka akachoka. Mtoto akaandika kwa kulia, herufi zikayumba kama walevi, na shuleni akaitwa mvivu. Usimcheke kinyozi, msomaji. Huenda kwako nako kuna kitana.

Binti alipokua, mwalimu wa kuchora alimfuma akichora herufi ubaoni kwa kushoto, tena herufi za kupendeza. Akamwombea nafasi ya mwanafunzi kwenye kongamano la wiki nzima la sanaa ya mwandiko na utengenezaji wa vitabu. Kinyozi alikubali kwa sharti moja: akisikia kushoto kumegusa kalamu, kongamano limekwisha, na kuchora kumekwisha.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Binti alishona kurasa, akabandika majalada, gundi ikampanda hadi kwenye nyusi, na wenzake wakacheka naye. Ikafika zamu ya kalamu za tete, zile za kuchongwa ncha na kuchovya winoni. Akaishika kwa kulia, akaharibu karatasi moja baada ya nyingine. Mkufunzi, mama mmoja mnene mwenye vidole vyeusi kwa wino, akamwuliza kwa nini anajitesa.

"Huu ndio mkono wa kulia, mwalimu. Ndivyo nilivyofunzwa."

"Wa kulia kweli, maana machozi nayaona. Hebu nionyeshe wa kucheka."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Mkufunzi akaichonga upya ncha ya kalamu, mshazari ukaelekea upande wa pili, kisha akaulaza ukurasa ubavu ili mkono upite chini ya mstari, usifute wino mbichi. Tangu hapo binti hakushikika. Ila hakusahau kwamba siku ya kufunga wazazi wataalikwa.

Wakaja. Kinyozi alipita meza hadi meza akitoa hukumu, mpaka akasimama mbele ya kitabu kidogo kilichoachwa wazi. Akakisogelea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, kama afanyavyo akimaliza kunyoa mteja. Akawaita hata wageni asiowajua waje waone.

"Huu ndio mkono," akasema. "Ni wa nani?"

Binti alikuwa nyuma yake. Angeweza kunyamaza. Akauinua wa kushoto, wino hadi kiganjani.

"Ni huu, baba. Huu unaoupiga."

Kinyozi akageuka. Akaushika ule mkono, akavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Nisamehe, mama," akamwambia bintiye.

Na kwa kuwa kinyozi ni kinyozi, kabla hafla haijamalizika ukumbi mzima ulishajua yeye ni baba wa nani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini mkunjeni, msimvunje. Mtoto huzaliwa na mkono wake, na anayeuchapa anaichapa riziki ya mwanawe.