Namba Moja ya Mtabiri

"Na sasa, wapenzi wasikilizaji, namba moja," Mtabiri alisema, akaisogelea maikrofoni kama mtu anayetaka kuibusu.

Jicho, mwenzake katika kipindi chao cha filamu cha mtandaoni, alikuwa ameketi mkabala naye, magoti yao yakigusana chini ya meza. Blanketi walizotundika ukutani ili sauti isijirudie zilikifanya chumba kiwe cha moto kama jiko. Alishaandaa tabasamu, maana namba moja alikuwa anaijua. Walikubaliana tangu wiki iliyopita. Filamu bora ya mwaka ilikuwa *Ukuta wa Jirani*, ile ya wazee wawili wanaogombania ukuta mmoja mpaka mmoja wao anakufa, na aliyebaki anaugonga kila jioni akingojea matusi asiyoyapata tena. Siku waliyoiangalia walilia wote wawili wakagawana leso moja.

"Namba moja ni *Harufu ya Rangi Mbichi*."

Tabasamu la Jicho likakosa pa kwenda. Ilikuwa filamu ya mwongozaji mpya, mwanamke, kuhusu familia ya mpaka rangi wa nyumba. Haikuwa mbaya. Ila Mtabiri mwenyewe, walipotoka kuiangalia, alisema inajivuta kama kiatu kilichobanduka soli.

"Kuna sehemu moja iliniua," aliendelea. "Pale mama anapoosha makopo ya rangi kwenye mvua, maji yanashuka ya kila rangi mpaka mlangoni kwa jirani. Jamani, pale nililia."

Filamu ile Jicho alikuwa ameiangalia mara mbili, na hakuna mama yeyote aliyeosha kopo lolote.

Wasikilizaji walimwita Jicho kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ilikuwa kupima macho kwenye kliniki. Pili, walisema hakuna kinachompita. Na huyu Mtabiri waliyemwita hivyo kwa kubashiri washindi wa tuzo kila mwaka, alikuwa mchumba wake. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya msimu wa tuzo, na mama yake Mtabiri alishazoea kumwita mkwe. Kipindini uchumba huo hawakuutaja; Mtabiri alitaka mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Walipomaliza kurekodi, Jicho alimwuliza ile sehemu ya makopo ameiona wapi.

"Ulisinzia," Mtabiri alisema huku akikunja nyaya. "Siku hizi unachoka sana."

Jicho akaenda sinema mara ya tatu, peke yake, akakaa viti vya mbele na kikombe cha kahawa mkononi ili asidanganywe na usingizi. Makopo hayakuwepo, mvua haikuwepo.

Wiki hiyo hiyo akaingia kliniki mwanamume mwenye macho mekundu kama aliyepuliziwa moshi. Katika kujieleza akasema yeye ni mhariri wa filamu, anashinda mbele ya kompyuta kutwa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa *Harufu ya Rangi Mbichi*. Jicho alimwekea kidevu kwenye mashine, akamwambia asipepese, kisha akauliza kama mtu anayepiga soga tu: ile sehemu ya mama na makopo mmeitoa kwa nini?

Mhariri akataka kugeuka, Jicho akakirudisha kidevu chake mahali pake.

"Umeionea wapi hiyo?"

"Nimesikia ikisifiwa."

"Basi aliyeisifu ni mtu wa ndani. Tuliikata kabla ya onyesho la kwanza. Imebaki nyumbani kwa mwongozaji, na huko wa kuiangalia ni yeye na mchumba wake."

"Ana mchumba?"

"Si yule kijana wa utabiri wa tuzo? Humsikilizi?"

Jicho alimwambia asome mstari wa chini wa herufi. Akampima mpaka mwisho, akamwandikia miwani inayomfaa bila kukosea, akamuaga kwa heshima. Kisha akaingia chooni, akajifungia, akauma kiganja mpaka meno yakaacha alama.

Dada yake mkubwa, msusi asiyejua kuongea kwa sauti ya chini, alitaka nguo za Mtabiri zitupwe barabarani jioni hiyo hiyo. Alishajitolea na yeye mwenyewe kuzitupa. Jicho akamzuia.

"Nikimfukuza leo, kesho atawaambia watu ameniacha yeye," alisema. "Mimi sitaki aondoke, dada. Nataka aonekane."

Lakini alianza na mwanamke mwenziwe, yule mwongozaji. Alipata ofisi yake, ghorofa ya tatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila ngazi aliyopanda alikuwa anachagua tusi, akilipima, akiliacha, akichukua kubwa zaidi. Alipogonga mlango, kiganja kilikuwa tayari kwa kofi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mwembamba, miguu mitupu, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alimtazama Jicho kidogo, akamkumbatia.

"Wifi! Hatimaye. Nimekujua kwa picha ya kipindi. Kila siku namwambia anilete nikuone, ananiambia dada yake ana kazi nyingi."

Matusi yote yakayeyuka mdomoni. Jicho akajikuta ameketishwa, kikombe cha chai kimewekwa mbele yake, na yule ambaye yeye Jicho alikuja kumpiga anamtafutia sukari. Aliuliza taratibu, sauti yake mwenyewe akiisikia kwa mbali:

"Alikwambia mimi ni nani?"

"Dada yake. Mtoto wa mama yake mkubwa. Si ndiyo maana mnafanya kipindi pamoja?"

Jicho akatoa simu, akatafuta picha ya siku ya uchumba wao, akaisukuma juu ya meza. Mtabiri amepiga goti, pete inaingia kidoleni, na mama yake yuko nyuma anapangusa machozi. Mwongozaji aliiangalia kwa muda mrefu, akaivuta karibu, akautazama tena ule uso wa mama. Alisema aliahidiwa kupelekwa kwa mama huyo baada ya tuzo. Alisema mengine pia: kwamba Mtabiri ndiye angeandika filamu yake ijayo, kwamba wazo hilo lilitoka kwake mwenyewe Mtabiri, na lilikuja mapema mno, kabla hata ya neno nakupenda.

"Nilikuja kukupiga," Jicho alisema.

"Bado unaweza," Mwongozaji akajibu. "Lakini naona kofi hilo lina mwenyewe."

Chai ikapoa pale mezani wakiongea. Ilionekana kwamba bwana huyo alikuwa na Jumamosi moja na ahadi mbili. Kila mwaka, siku ya tuzo, mashabiki wa kipindi walikusanyika mchana kwenye ukumbi wa sinema kuziangalia mubashara kwenye skrini kubwa, Mtabiri na Jicho wakiongoza. Na mwaka huu Mwongozaji, aliyekuwa anawania tuzo, alikuwa ameahidiwa kwamba mchumba wake atakaa naye meza moja. Wanawake wale wakakubaliana wasimwulize chochote. Wamwachie achague uongo wake mwenyewe.

Zile wiki zilizobaki zilikuwa ngumu kuliko Jicho alivyodhani. Kumpikia mtu, kumpigia pasi shati, kumsikia akicheka simuni barazani, na kutosema neno. Usoni alikuwa maji ya mtungi, moyoni kaa la moto. Kwenye kipindi cha utabiri, Mtabiri alibashiri kwamba *Harufu ya Rangi Mbichi* itabeba filamu bora. Jicho akasema filamu bora ni *Ukuta wa Jirani*, ila tuzo ya mwongozaji mpya ni ya yule mwanamke.

"Unapenda kugawa," Mtabiri alimtania.

"Mwenye haki yake nampa," Jicho akasema. "Kila mtu nitampa ya kwake."

Mtabiri akacheka.

Ijumaa Mtabiri aliaga kwamba analala kwa rafiki yake. Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia: "Mpenzi nimeamka na homa kali, hata kusimama siwezi. Fanya kipindi peke yako leo. Waambie mashabiki nawapenda."

Jicho akajibu: "Pole mpenzi. Jifunike vizuri."

Ukumbi ulijaa. Dada alikuwa mlangoni akipanga watu viti kwa sauti yake ile. Mstari wa mbele Jicho alimketisha mama yake Mtabiri, aliyekuja na chupa ya supu mapajani ili akitoka hapo ampelekee mwanawe mgonjwa. Jicho aliitazama ile chupa, na kwa mara ya kwanza roho ikamsuta. Mama huyu hakuwa na kosa. Alikaribia kumwambia arudi nyumbani. Ndipo taa zikazimwa.

Zilitangulia tuzo ndogondogo, za sauti, za mavazi. Kisha wakatajwa wanaowania tuzo ya mwongozaji mpya, na kamera ikawa inapita meza hadi meza. Ikafika kwa Mwongozaji. Pembeni yake, suti nyeusi, tai ya rangi ya zambarau, mkono juu ya mgongo wa kiti cha bibie, alikuwa mgonjwa mwenyewe. Meza yao ilikuwa kona ya nyuma, na bila shaka alidhani kamera haifiki huko.

Ukumbi ukaguna.

"Yule si mwanangu?" mama aliuliza.

"Ndiye, mama."

"Si umesema ana homa?"

"Amesema yeye, mama." Jicho akamwonyesha ujumbe.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akaangalia skrini. Mtabiri alikuwa bado yupo. Basi akatoa simu. Hili Jicho hakulipanga, wala asingelithubutu. Na kwa kuwa masikio ya mama yalikuwa yamepungua nguvu, simu zake zote alizipiga kwa spika.

Kwenye skrini kubwa, mbele ya ukumbi mzima, Mtabiri akashtuka, akaingiza mkono kwenye koti, akaangalia simu. Ya mama yake huwa haachi kuipokea. Akainama chini ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi mwanangu?"

"Kitandani, mama. Homa imenibana."

"Mbona nasikia makofi?"

"Televisheni hiyo. Naangalia tuzo."

"Na mimi naziangalia," mama alisema taratibu. "Hiyo tai imekukaa vizuri."

Kichwa cha Mtabiri kilichomoza kutoka chini ya meza kidogo kidogo. Mkono ukaigusa tai. Macho yakaanza kutafuta kamera iko upande gani, na yalipoipata, yakawatazama wote waliokuwa ukumbini. Kicheko kilichopigwa pale kilitikisa viti. Mama peke yake hakucheka. Alikata simu, akaikumbatia chupa yake.

Bahasha ikafunguliwa. Mshindi alikuwa Mwongozaji.

Alipanda jukwaani bila haraka. Akamshukuru baba yake, mpaka rangi aliyemsomesha kwa ngazi na ndoo. Akawashukuru waigizaji. Kisha akaigeukia meza yake.

"Namshukuru na mchumba wangu aliyeketi pale. Nimegundua majuzi kwamba ni mchumba wa mwenzangu pia, anayeniangalia sasa hivi kutoka ukumbi wa sinema. Mimi niliambiwa ni dada yake. Wifi, ulisema nitashinda, nimeshinda. Na wewe bwana, filamu yangu ijayo imeshapata mwandishi mwingine. Nakuruhusu uondoke, wenzangu hapa mezani wanataka kula kwa raha."

Kamera ilimfuata Mtabiri mpaka mlangoni. Alisukuma mlango wa kuvuta, akausukuma tena, mpaka mhudumu akaja kumvutia.

Ukumbini watu walisimama juu ya viti. Mashabiki wale wale waliompa jina la Mtabiri wakaanza kuulizana kwa sauti imekuwaje hili hakulitabiri. Jicho alishika maikrofoni.

"Tukae, tuendelee," alisema. "Filamu bora bado."

Filamu bora ikachukuliwa na hadithi fulani ya vita, ambayo haikuwemo hata kwenye kumi bora zao. Kwa hiyo mwaka huo, kwa filamu bora, walikosea wote wawili.

Watu walipotawanyika, mama alimwita Jicho na dada yake kwenye korido, akafungua ile chupa, akawamiminia supu kwenye vikombe vya karatasi.

"Kunyweni nyie," alisema. "Yule hana homa." Akangoja wamalize ndipo machozi yakamtoka. "Mimi nimemzaa, siwezi kumtupa. Lakini sitakuja kukuomba umrudie. Hilo sitalifanya."

Jicho akamwinamia, wakashikana kwa muda. Kumpoteza Mtabiri kulimwuma, lakini kumpoteza mama huyu kulimwuma kwa namna ambayo hakuwa amejiandaa nayo.

Jumatatu Mtabiri akaja kliniki. Simu zake zilikuwa hazipokelewi, ufunguo wake haukuingia tena mlangoni, na nguo zake dada alikuwa amezitupa kwa moyo wote. Jicho alimwona kupitia kioo cha mlango, ameketi kwenye benchi la kungojea, hajanyoa, kati ya bibi mwenye mtoto wa jicho na dereva aliyevunja miwani.

"Anayefuata," Jicho aliita.

Mtabiri akasimama. Jicho akamwelekezea mkono bibi aliyekuwa kando yake. Mtabiri akarudi kuketi. Baada ya bibi akaingia dereva, baada ya dereva mwalimu, na kila aliyekuja akiwa amechelewa aliingia kabla yake. Wengine walimtambua. Walinong'ona, wakamsogelea kumtazama vizuri, mmoja akamwuliza homa inaendeleaje. Aliyavumilia yote, kwa kuwa mtu aliyeliwa na aibu hudhani kwamba kuketi muda mrefu ni toba.

Jua lilipogeuka, benchi likabaki na mtu mmoja. Jicho akafunika mashine zake kwa vitambaa, akatundika koti jeupe, akazima taa ya chumba, akatoka na mkoba begani.

"Nimekaa tangu asubuhi," Mtabiri alisema. "Nipe dakika zako chache tu. Nikueleze."

"Nimeshafunga."

"Kesho je?"

Jicho akashika kitasa, akangoja atoke nje, akafunga mlango nyuma yao.

"Kesho nina wagonjwa," alisema, akavuka barabara.