Sauti ya Mama Ilinijibu Kila Asubuhi, Kumbe...

Nina miaka arobaini na mbili. Ni fundi cherehani hapa Ng'ambo, Tabora, na nina watoto wawili ninaowalea mwenyewe. Wanaonijua watawaambia huyu mama ana mdomo. Sikatai! Ila leo simsemi mtu. Leo nasema yangu, na msomaji ukiniona mjinga utakuwa hujakosea...

Mama yangu alikuwa anaishi Lusu, kule Nzega, na mdogo wangu wa mwisho, Kabula. Ni karibu tu. Unapanda basi asubuhi, unashuka Nzega, unachukua bodaboda, mchana uko nyumbani unakula ugali na mlenda. Zamani nilikuwa naenda kila mwisho wa mwezi. Kwetu mtoto hashiki jembe wala ndoo kabla hajapiga magoti kumwamkia mzazi, na mama alinilea hivyo hivyo, bila mchezo.

Halafu ikaja simu kubwa.

Mwanzoni niliibariki! Niliweka picha za magauni yangu humo, wateja wakamiminika. Watu wa Urambo, wa Sikonge, hata wa Dar, wananitumia vipimo na picha ya mshono, mimi nashona, nawatumia kwa basi. Nikawa naamka na simu, nakula na simu, naingia nayo hadi chooni, aibu zangu! Mteja usipomjibu papo hapo ameshahamia kwa fundi mwingine. Sasa Lusu ningeenda saa ngapi?

Nikamnunulia mama simu kama yangu. Kwa kuwa hakujua kusoma, tukawa tunatumiana sauti, Kabula akimbonyezea. Kila asubuhi kabla sijakanyaga cherehani namtumia: "Shikamoo mama, mmeamkaje?" Baada ya muda inarudi sauti yake, na salamu yetu ya asubuhi ya Kinyamwezi humo: "Marahaba mwanangu, mwangaluka! Huku hatujambo, Mungu ni mwema. Haya, fanya kazi zako." Basi, roho yangu kwatu. Nikawa najisifu hata kwa majirani, eti mimi mama yangu namwamkia kila siku, nyie wenye mama zenu hapa hapa mjini mnawaamkia lini?

Na niwaambie ukweli wote... Sauti hizo nilikuwa nazisikiliza kwa ile spidi ya haraka, ile ya mtu kuongea kama anakimbizwa, ili nisichelewe kazi. Mama yangu mzazi!

Siku moja mwezi wa nane, jua linachoma, mteja wangu mmoja alikuwa dukani anajaribu gauni. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Nzega, tunamwita Mama Masanja. Simu ikalia, nikaifungua huku nimeshika pini mdomoni. Sauti ya mama ikasema: "Marahaba mwanangu! Huku mvua imenyesha usiku kucha, leo tunapanda karanga."

Mama Masanja akageuka. "Mvua? Nzega ipi hiyo, fundi? Mimi nimetoka huko juzi, ni vumbi tupu mpaka kwenye meno!"

Nilicheka. Nikasema wazee nao, wanachanganya. Lakini alipoondoka nikaisikiliza tena, taratibu safari hii. Nikaanza kurudi nyuma kwenye simu, nyuma, nyuma... mpaka masika. Nikaikuta. Maneno yale yale, na kikohozi kile kile katikati! Nikafungua ya jana, nikafungua ya juzi. Zote zilikuwa za zamani. Mtu alikuwa ananirudishia salamu za mama yangu, moja moja, na mimi naitikia "asante mama"!

Nilipiga simu. Akapokea Kabula. Akasema mama ameenda kanisani. Siku ya Jumanne? Nikamwambia mpe simu mama. Nikasikia analia.

Niliacha gauni la bibi harusi mezani, mkono mmoja umeshonwa na mmoja bado. Ndani ya basi nilijitukana njia nzima. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kichwani, wakaenda kwa miguu hadi pwani na kurudi. Mimi nimeshindwa kupanda basi kwenda Nzega!

Nilimkuta mama amelala kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Kiharusi. Kilimpata mwanzo wa kiangazi, na tangu siku hiyo hakutamka neno. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama..." Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akageuza uso akatazama ukutani.

Nilidhani ni ugonjwa. Nikatoka nje kumtafuta Kabula, nataka kumrarua! Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shangazi yetu ndiye aliyeingilia kati, naye akanigeukia mimi: kwamba ukoo mzima ulidhani Kabula ameshaniambia, kwamba kila siku waliona naweka picha za magauni kwenye simu, wakasema huyu mji umeshamla, tusimsumbue.

Ndipo Kabula akasema. Siku mama anaanguka, yeye alikuwa mnadani, alimwacha peke yake.

"Dada, niliogopa mdomo wako. Wewe ukikasirika unaua mtu kwa maneno. Muuguzi wa zahanati alisema anaweza kupata nafuu, nikasema ngoja aongee kwanza ndipo nikwambie. Siku ya kwanza nikakutumia ile ya zamani. Hukushtuka. Kesho yake nikatuma tena..."

Hukushtuka. Neno hilo lilinikata maini.

Lakini hayo hayakuwa mabaya zaidi, jamani. Mabaya zaidi aliyasema mwishoni, tena kwa nia njema, maskini. Akasema kila asubuhi alikuwa anamwekea mama sauti yangu sikioni, apate nguvu.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mnaelewa? Mama yangu alilala pale, hawezi kugeuka, hawezi kusema, na kila asubuhi ananisikia mimi na furaha zangu: "Shikamoo mama, hamjambo? Karanga zinaendeleaje? Mimi leo nina kazi nyingi, haya baadaye!" Aliamini nimeambiwa. Aliamini mwanawe anajua yuko kitandani, na anamuuliza habari za karanga!

Niliingia ndani nikamshika ule mkono uliobaki na uhai. Mama sikujua! Mama walinificha! Nilimwambia hivyo asubuhi, nikamwambia mchana, nikamwambia kila nilipomlisha uji. Alikuwa anatazama ukuta. Muuguzi aliniambia kichwa chake nacho kimeguswa, huenda anaelewa, huenda haelewi. Mwezi wa tisa haukuisha, tukamzika.

Kabula nimemsamehe. Nisingemsamehe ningekuwa mwongo, maana aliyemfundisha kuniogopa ni mimi, na aliyemzoeza kunituliza kwa sauti ya simu ni mimi pia. Kazi bado naifanya, wateja bado wapo humo humo kwenye simu. Siwezi kuitupa, watoto watakula nini?

Ila wewe unayesoma hapa, ambaye mzazi wako bado anapumua, nakuomba kama ndugu yako. Usiseme naongea naye kila siku. Mimi niliongea naye kila siku! Funga kazi japo siku moja, panda basi, ingia ndani, mpigie magoti akuone usoni. Mimi mama yangu ameondoka, na sijui... mpaka leo sijui kama alikufa akijua kwamba sikuwa najua.