Gauni la Dada Yangu Lilivaliwa na Mwingine

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Nina duka mjini Nyeri, nina cherehani tatu, na watu wananiita mbunifu. Nina dada mmoja tu duniani, na kwa miaka mitano hakutaka hata kulitaja jina langu...

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma kabla hamjasikia yote. Mkosaji si yeye. Ni mimi!

Nilipomaliza shule nilikuwa na kipawa cha kuchora, na kipawa hicho kilinifungulia milango mingi kwa wakati mmoja. Nilichora mabango ya bucha na saluni kuanzia Karatina hadi Chaka. Nilishona magauni ya harusi. Tena kulikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kuchapa, naye alinipa kazi ya kupanga kadi za mwaliko na kalenda. Asubuhi nilikuwa juu ya ngazi na brashi, mchana niko kwenye cherehani, jioni vidole vyangu ni vyeusi kwa wino. Nilijivunia uchovu ule! Mtu akiniletea kazi, sikujua kusema hapana. Nilisema tu, "Lete, nitamaliza."

Mdogo wangu Wairimu alipoposwa na Mwenda, kijana mpole wa Meru, nilimwambia asihangaike na chochote. Gauni, kadi, pambo la ukutani kanisani, vyote vingetoka mikononi mwangu. Wairimu alinikumbatia akalia. Ningejua...

Mama yetu alikuwa akiuza viazi sokoni Chaka. Aliposikia habari ya gauni alisema mikono ya gauni ataifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Kwa miezi mingi alikaa nyuma ya magunia yake akifuma kwa sindano ya kulabu, vimaua vidogo vidogo, huku macho yake yameanza kufifia. Wateja walimtania kwamba anafuma wavu wa kunasa mkwe. Alicheka, akaendelea. Alipomaliza aliniletea mikono ile Gatitu nilikokaa, imefungwa ndani ya leso safi.

"Nyawira," aliniambia, "hii ni macho yangu nimekupa. Ukate pole pole."

Niliiweka juu ya kabati. Ikakaa... ikakaa!

Wairimu alikuwa akipitia dukani kuuliza gauni limefika wapi. Nilimjibu limebaki mikono tu. Uongo! Hata kitambaa nilikuwa sijakikata. Kadi nazo zilichelewa kwa sababu nilikuwa nachapa kalenda za watu, na zilipotoka ilikuwa imebaki wiki mbili. Jamaa wengi wa Meru hawakupata mwaliko kwa wakati, wakaanza kunung'unika kwamba wamedharauliwa. Wairimu aliomba radhi huku na kule, wala hakunilaumu hata mara moja.

Ndipo nikaalikwa kwenye maonyesho ya mavazi katika hoteli moja huko Nanyuki. Nilitakiwa kuleta nguo tano, na ya mwisho iwe ya bibi harusi. Moyo wangu uliruka! Nilikuwa nimetamani siku kama ile tangu utotoni. Lakini nilikuwa na nguo nne tu. Ya tano ningeitoa wapi?

Mnajua nilikoitoa.

Nililikata na kulishona gauni la Wairimu kwa siku tatu, kwa kasi ambayo sikuwahi kumpa yeye mwenyewe. Nikalipeleka Nanyuki bila kumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba litavaliwa kwa dakika chache tu, nani atajua? Msichana aliyelivaa alikuwa mnene kuliko dada yangu. Zipu ilipasuka, na mkono mmoja aliofuma Mama ukararuka kwapani. Watu walipiga makofi, walisimama! Mwandishi wa gazeti alinifuata akaniuliza gauni lile limetokana na nini. Nami, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, nilijibu kwamba nimelibuni kwa ajili ya maonyesho yale tu, na kwamba vimaua vile ni kazi ya mikono yangu.

Sikumtaja Mama. Sikumtaja Wairimu.

Nililifua, nikabadilisha zipu, nikashona mahali palipochanika. Wairimu alipolijaribu alizunguka mbele ya kioo akicheka. Nilimfunga zipu ile mpya, nikamwambia limempendeza.

Siku nne kabla ya harusi, mama yake Mwenda alifika Chaka kutoka Meru. Alikuwa mama wa kanisa, mtu wa heshima. Hakukubali hata chai. Alitoa gazeti kwenye kikapu akalifungua penye picha ya gauni mbele ya Mama na Wairimu. Mimi nilikuwa nimekuja kupima pambo la kanisa, nikawakuta.

"Mama Nyawira," alisema, "mimi sikuja kugombana. Lakini hii mikono si ndiyo ulinionyesha ukifuma? Mbona imevaliwa na msichana wa hoteli? Ati bibi harusi wetu atavaa nguo imetoka kwa mwingine?"

Mama alilileta gazeti karibu kabisa na macho. Hakuweza kusoma maandishi. Alimpa Wairimu amsomee.

Wairimu alisoma kila neno. Alipofika pale niliposema ni kazi ya mikono yangu, alilishusha gazeti. Mama alinitazama, akauliza swali moja tu: "Ulisema hivyo, Nyawira?"



Harusi ilifanyika, kwa kuwa Mwenda alisema anaoa mtu, haoi nguo. Lakini Wairimu aliingia kanisani na gauni la bluu alilokuwa akiimbia kwaya. Watu walinong'ona. Baada ya ibada, mpiga picha aliita jamaa wa bibi harusi. Nami nikasogea, nikasimama kando ya Mama. Wairimu akainua mkono.

"Ngoja kidogo," alimwambia mpiga picha. "Huyo ni fundi wa nguo. Si wa familia."

Nilitoka kwenye mstari ule mbele ya macho ya watu wote...

Na mnajua kilichoniuma zaidi? Picha ile ya gazetini ilinifanya maarufu! Wasichana walikuja kutoka Sagana na Nanyuki wakitaka gauni kama lile. Nilimwendea Mama nimwombe afume mikono mingine. Alitikisa kichwa. "Ile ilikuwa ya Wairimu," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Nilikwenda Meru mara mbili kuomba msamaha. Mara zote mbili Mwenda alinipokea kwa adabu, na Wairimu hakutoka chumbani. Alipojifungua mtoto wa kwanza, nilipata habari kwa mteja.

Mwaka jana Mama alituacha. Ilibidi mtu achape karatasi za mazishi. Nilikuwa nimekaa na kalamu nikijaribu kuandika maisha yake, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Wairimu. Alivuta kiti, akasoma nilichoandika, akasahihisha majina ya shangazi zetu. Mahali nilipoandika kwamba Mama alikuwa mfanyabiashara, aliongeza kwa mkono wake: na mfumaji hodari.

Alipoinuka alisema, "Umeandika vizuri, Nyawira. Lakini bado sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakuambia mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwake kwa miaka mitano. Nililia hadi karatasi zikalowa, nikaanza kuziandika upya.

Ndugu zangu mlio na vipawa vingi, nawasihi. Kazi ya watu haiishi, na sifa zina utamu wake. Lakini usimwambie wako "kesho" kila siku kwa sababu unajua atakuvumilia. Na kazi ya mkono wa mwingine, hata awe mama yako mzazi, itaje kuwa ni yake!

Siku hizi mtu akiniletea kazi nisiyoiweza, nasema hapana. Nimejifunza neno hilo nikiwa nimechelewa. Wewe lijifunze leo.