Posa Iliyokaa Upande wa Pili

"Msichana gani huyo," jirani yangu Bu Tumini aliniuliza siku moja tukichambua mchicha barazani, "anayemkataa mtu mbele ya sinia saba, halafu mchana uleule anamfuata kwao kwa miguu yake?"

Nilimwambia asifanye haraka kumsema binti wa watu. Wening hakumkataa mtu. Posa ilikuwepo, lakini ilikaa mahali asipoweza kuifikia. Nyumba ya kwao na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na yeye na kijana mwenyewe walinieleza baadaye kwa vinywa vyao.

Ilianzia soko la kompyuta, ghorofa ya tatu, Jumamosi, saa ambayo nusu ya mji wetu wa Surabaya imo mle ndani ikisukumana. Wening alikuwa amevaa ushungi wa rangi ya bizari na sketi ndefu ya samawati, amekumbatia kompyuta yake ya mapajani kama aliyebeba mtoto mwenye homa. Kazi yake ni kuchora katuni za watoto, zile zinazotembea. Kuchora hakukumpa shida. Shida ilikuwa pale kompyuta ilipoambiwa igeuze michoro iwe filamu. Ilichemka, ikavuma, ikazimika. Wauzaji watatu walishamwambia anunue mpya. Wa nne alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, fundi wa kibanda cha pili akacheka bila kuinua kichwa kwenye skrubu zake.

"Mbak, usiizike kabla haijafa," akasema. Mbak ndivyo tunavyomwita dada yeyote, hata tusiyemjua; kaka ni Mas, mama ni Bu, baba ni Pak.

Wening akamgeukia. "Kwani wewe ni daktari, Mas?"

"Mimi ni Jatmiko. Niletee mgonjwa."

Alikuwa kijana mwembamba, shati la mirabaraba limepigwa pasi hadi kwenye kola, na vidole visafi kuliko vya mafundi wengi. Aliifungua mashine, akaitazama, akamwuliza Wening jikoni kwao kukiwa kudogo, siku ya shughuli wanapikia wapi. Wening akajibu wanapikia uani. Basi, akasema Jatmiko, na hii ni hivyohivyo. Kadi ya picha iliyomo ndani ni ndogo, na kubwa haiingii. Wataiweka kubwa nje, ndani ya sanduku lake, yenye umeme wake, halafu wavute waya hadi kwenye kompyuta.

"Na mvua ikinyesha huko uani?"

"Nitakushikia mwavuli."

Wening aliniapia kwamba hakukusudia kucheka.

Wiki tatu Jatmiko alikuwa akija baada ya sala ya alasiri. Walikaa barazani, mlango wazi, naye Pak Sukarman, baba yake Wening, mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni, amekaa hatua mbili kando na tetere wake kwenye tundu. Mama yake Wening alikwishatangulia mbele ya haki. Siku ya kwanza kompyuta haikuiona kadi kabisa. Siku ya pili iliiona, ikaganda. Siku ya tatu Jatmiko akagundua kwamba lazima sanduku la kadi liwashwe kwanza, kompyuta ifuate. Akamkataza Wening kabisa kuchomoa ule waya wakati mashine inafanya kazi.

Jambo jingine lilikuwa gumu kidogo, nami nililielewa waliponieleza mara mbili. Kompyuta ile alikuwa ameiwekea mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza uingie upi. Wa kwanza ni Windows, ambao Wening alikuwa akichorea tangu zamani. Wa pili ni Linux, ambao Jatmiko alisema kule kazi ya kumalizia filamu ingekwenda mbio zaidi. Ukiwa huku, yaliyoko kule huyaoni.

Asipokuja, alipiga simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekula, amelala."

"Na muuguzi wake?"

"Muuguzi hajajuliwa hali siku mbili."

"Ndiyo nampigia sasa, mpenzi, asinune."

Lile neno lilimtoka Jatmiko bila kupangwa. Wening akamwuliza upesi kama amekula, na Jatmiko akaanza kueleza tofu za kukaanga alizokula kwa maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Wiki ya nne alichukua kompyuta na sanduku lake kwenda nazo kibandani, ili amalizie ule upande wa Linux. Kule alikuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha. Akakichomeka kwenye kadi, picha ikatoka safi, kazi ikakimbia. Kisha akafanya alilolikusudia siku nyingi. Ana kwa ana ulimi wake hulemaa. Aliandika barua, akaitandaza kwenye uso wa ule upande wa Linux, ili Wening akiingia tu aione kabla ya kitu kingine. Jumatano akairudisha kompyuta, akasema maneno machache: afungue upande wa Linux kwanza. Akaondoka na pikipiki yake kama anayefukuzwa.

Wening akawasha sanduku, akawasha kompyuta, akachagua Linux. Kioo kikawa cheusi. Akasubiri. Feni ya kadi inazunguka, taa inawaka, kioo ni cheusi tu. Akarudia mara nne. Akakumbuka kwamba siku moja kabla Jatmiko hajaichukua, matone ya mvua yalipoanguka barazani, yeye mwenyewe aliuchomoa ule waya haraka huku mashine ikifanya kazi, na hakumwambia Jatmiko. Akaamini dosari ile ilijificha hadi sasa, na kwamba ameua kazi ya mwezi mzima.

Sasa, mtu wa kwetu hupenda aumie mwenyewe kuliko kumwambia aliyejitolea kwamba jambo lake halikufaa. Haya hiyo tunaiita sungkan, na tumelelewa nayo kama tulivyolelewa na wali. Mungu atusamehe, mara nyingine hutufanya tuseme uongo na tuuone ni adabu. Jatmiko alipopiga simu jioni, Wening alikuwa amekwisha kuamua kufanya kazi upande wa Windows, polepole, bila kumsumbua mtu.

"Umefungua?" akauliza Jatmiko.

"Nimefungua, Mas."

"Umeona?"

"Nimeona. Nzuri sana. Asante kwa yote."

Jatmiko akangoja. Wening akangoja amalize kuuliza.

"Basi," akasema Jatmiko taratibu, "mimi sina haraka. Chukua siku zako."

Siku tatu Wening hakumwandikia neno kwa sababu ya aibu. Na Jatmiko, aliyesoma chuo cha dini akiwa mdogo, alikumbuka alichofundishwa, kwamba mwanamwali akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa. Akamwendea mama yake, Bu Marsiyah. Mama akamwuliza binti amesemaje. Amesoma, akasema Jatmiko, akasema ni nzuri, kisha amenyamaza. Bu Marsiyah akashukuru Mungu, akawaita dada zake, wakakesha wanapika.

Jumapili asubuhi Wening alikuwa uani amevaa gauni la kushindia lililofifia, taulo kichwani, anamenya vitunguu. Akasikia salamu za wanawake wengi. Alipochungulia, Bu Marsiyah alikuwa kizingitini amevaa kebaya ya kijani, ile blauzi ya sherehe, na kitambaa kipya cha batiki, na nyuma yake wanawake wamebeba sinia saba zilizofunikwa. Zilikuwamo keki za mchele wa kunata, ili maharusi washikamane, na vichane vya ndizi, na vitambaa, na mavazi ya kusalia. Jatmiko alikuwa mwisho kabisa, nywele zimelala kwa maji, anatabasamu kwa kuogopa.

Pak Sukarman alisimama na bakuli la chakula cha tetere mkononi. Akawakaribisha, kisha akamtazama binti yake.

"Wening, hawa wamekuja kwa habari yako?"

"Sijui, Baba."

Jatmiko akasogea. "Hujui vipi? Nilikuuliza, ukasema umeona."

"Uliniuliza nini, Mas?"

"Usinifanyie hivi mbele ya mama."

Pale pale Wening angeweza kusema habari ya kioo cheusi. Lakini macho ya wanawake saba yalikuwa juu yake, na taulo kichwani, na mikono inanuka vitunguu, na angelazimika kuukiri uongo wake wa simu. Tena alikasirika. Akaona Jatmiko amemchukulia kama kitu kilicho tayari rafuni.

"Mimi sijaposwa na mtu," akasema.

Bu Marsiyah alikunja uso kidogo tu. Alisema mwanawe hana tabia ya kuzua mambo. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kwenye mlango huu nimekuja mara moja. Mimi na sinia zangu hatutarudi tena." Sinia zote saba zikarudi kupitia uchochoro wetu, zimefunikwa vilevile, na kila dirisha lina kichwa.

Walipotoweka, Wening aliketi chini karibu na vitunguu, akatambua kitu ambacho hakuwa amekitamka hata ndani ya moyo wake. Angeulizwa, angekubali. Na sasa mwanamke pekee ambaye angeweza kuja kumwulizia amekwisha kula yamini.

Baada ya adhuhuri akaanza kulifunga lile sanduku la kadi amrudishie Jatmiko. Baba yake akamzuia. Kitu cha watu, akasema, hurudishwa hali yake ikijulikana; aiwashe waone, kama imeharibika wakiri. Wening akalia, akamweleza yote, mvua, waya, kioo cheusi, na jibu alilotoa kwenye simu. Mzee hakumkaripia. Alivaa miwani, akaligeuza sanduku.

"Na hili tundu la nyuma ni la nini?"

Wening hakujua. Baba akalitazama tena, akasema la televisheni yao liko hivyohivyo. Wakachukua waya wa televisheni, wakauchomeka kwenye kadi. Wening akawasha, akachagua Linux. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi kama siku zote. Lakini televisheni ikawaka, sebuleni, maandishi makubwa kila herufi kama kidole. Macho ya Wening yalikuwa yamejaa machozi, kwa hiyo baba yake ndiye aliyesoma, polepole, kama anayesoma tiketi iliyochanika:

"Wening, mikono yangu inafanya kazi kuliko mdomo wangu, ndiyo maana naandika. Kadi imekamilika, na sina tena sababu ya kuja kwenu alasiri. Naomba sababu ya kudumu. Naomba niwe mume wako. Kama hutaki, niambie, nami sitakuchukia. Kama unataka, najua utaona haya. Nyamaza tu, nitaelewa."

Pak Sukarman akavua miwani. Akasema, "Vaa ushungi."

Walikwenda kwa miguu juani, wakavuka reli, baba mbele. Bu Marsiyah alikuwa sebuleni bado na kebaya yake. Keki dada zake walikuwa wamekwisha kugawana na kwenda nazo, sinia zimeoshwa. Jatmiko alikuwa ngazini, akasimama, akakosa pa kuweka mikono.

Wening hakumtazama. Alimpigia magoti mama. "Bu, nilidanganya. Nilisema nimeona, na sikuwa nimeona kitu. Kioo kilikuwa cheusi, nikadhani nimeharibu, nikaona haya kusema. Barua nimeisoma leo, kwenye televisheni ya Baba."

Jatmiko akajipiga paji la uso. Akasema kosa ni lake. Picha za upande ule alizielekeza zitokee kwenye kadi, kwa kioo chake cha kibandani, akasahau kwamba Wening hana kioo cha pili. "Kwa hiyo siku zote tatu ulinyamaza kwa ajili ya waya?"

"Na wewe siku zote tatu ulikuwa unaoa peke yako," akasema Wening.

Pak Sukarman akageuka ukutani ili asionekane anacheka. Bu Marsiyah hakucheka.

"Hayo ya waya nimeyasikia," akasema. "Jibu sijalisikia. Na kunyamaza sikutaki tena nyumbani kwangu."

Wening akainua uso, masikio yamemwiva, ushungi umekaa upande. "Nakubali, Bu. Nasema kwa mdomo wangu ili nisikike mpaka barabarani. Namtaka Jatmiko, na nataka mama yake anirudie."

Bu Marsiyah alimtazama yule binti kwa muda, akamtazama mwanawe, akatazama sinia tupu zilizopangwa mezani. Alinyanyuka. Alichukua kikapu kikubwa cha sokoni nyuma ya mlango, akavaa kandambili, akapita katikati yao, akatoka kuelekea kwa muuza mchele kununua mwingine wa kunata.