Nambari ya Siri ya Kache

Kila asubuhi kabla ya kengele ya gwaride, Kache wa Gredi ya Nane alifungua chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi na kuwasha mashine ya Mwalimu Damaris. Alikuwa kiranja wa chumba hicho, na katika shule yao ya Ganda hapakuwa na mwanafunzi mwingine aliyekabidhiwa ufunguo. Mbali na ule wa Mwalimu Damaris mwenyewe, ufunguo mwingine alikuwa nao Mama Pola, msafishaji wa shule. Binti yake, Pola, aliketi dawati moja na Kache.

Kwa wiki nzima kompyuta ile ilikuwa ikileta ujumbe uleule: mfumo mpya uko tayari, uweke sasa. Mwalimu Damaris alikuwa amemkanya.

"Usiuguse, Kache. Alama za mradi za Gredi ya Tisa zimo humu, na lazima zitumwe kabla ya Ijumaa kwisha. Tukishazituma ndipo tutauweka."

Lakini Jumatatu hiyo Kache alikuwa peke yake, na ujumbe ukatokea tena. Alitamani kuwa wa kwanza kuuona huo mfumo. "Mwalimu mwenyewe atafurahi," alijiambia, akabofya.

Kioo kikawa cheusi. Maneno meupe yakajitokeza: usizime kompyuta. Asilimia tano. Asilimia thelathini. Hapo ikaganda. Kengele ikalia, wenzake wakapanga mistari uwanjani, naye yu palepale akikodolea macho kiduara kinachozunguka. Hatimaye mashine ikazinduka, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehama pembeni kikakaa katikati. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Habari za mpira na matangazo yalichomoza bila kuitwa. Kisha ikamtaka aweke nambari ya siri, na bila hiyo haikukubali kusonga mbele. Kwa haraka akaandika mwaka aliozaliwa dadake. Alipotafuta faili za Gredi ya Tisa, mahali pake palikuwa patupu.

Akaizima mashine, akafunga mlango na kukimbilia darasani.

Saa nne Mwalimu Damaris alimwita. "Kache, ni nambari gani hii ninayoulizwa?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hukuiwasha asubuhi?"

"La, Mwalimu. Leo nilichelewa, sikuingia humu kabisa."

Uongo ulimtoka kwa wepesi kuliko alivyodhani.

Mwalimu Damaris akajaribu nambari hii na ile, mpaka mashine ikamwamuru asubiri. Mwalimu Mkuu akaja. Ikiwa Kache hakufungua chumba, basi, mbali na Mwalimu Damaris, aliyebaki na ufunguo ni mmoja tu. Mama Pola akaitwa kutoka alikokuwa akipiga deki. Alisimama mlangoni, kitambaa kikimchuruzikia maji miguuni.

"Mimi kusoma kwenyewe ni kwa taabu, Mwalimu," alisema. "Mashine hiyo naipitia mbali, naiogopa."

"Basi ulimfungulia mtu," Mwalimu Mkuu alisema.

"Haki ya Mungu, sikumfungulia mtu."

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono kuupokea ufunguo. Akamwambia akae nyumbani hadi ukweli ujulikane. Kache, aliyekuwa amerudishwa darasani, aliyaona yote hayo dirishani. Akainamisha uso juu ya daftari.

Jumatano, wakati wa chakula, Pola hakugusa sahani yake.

"Jana bombani watu walimnyamazia mama," alisema kwa sauti ya kilio. "Wanasema ameharibu alama za watoto wao. Alirudi na ndoo tupu."

Kache akalirudisha tonge la sima sahanini. Alitaka kusema, lakini kila alipofumbua mdomo aliona vile Pola atakavyomtazama. Akainuka kwenda kuosha sahani yake.

Alhamisi akaletwa fundi kutoka Malindi mjini, jina lake Alamin. Kache alitumwa kumpelekea chai. Alipofika mlangoni akamsikia akisema, "Mwalimu, hapa pamewekwa mfumo mpya, na aliyeuweka ameufunga kwa nambari yake. Asipopatikana, mimi sina ila njia moja: kufuta kila kitu nianze upya."

"Na alama?"

"Zitakwenda na maji."

Mwalimu Damaris akajishika kichwa. "Kazi ya mwaka mzima ya watoto themanini! Nakala nyingine sina."

Alamin akavuta pumzi, akasogeza kiti na kuanza kuchomeka waya wake.

"Usifute!" Kache alipiga kelele. Chai ikamwagika kwenye mkono wake, asihisi moto. "Nambari ninayo mimi. Ni mimi niliyebofya. Mama Pola hana kosa."

Alamin akamsogezea kiti. "Haya njoo, mwanangu. Andika."

Mashine ikafunguka. Alamin akapekua hapa na pale, akazikuta faili zote ndani ya folda ya mfumo wa zamani. "Mifumo hii huhamisha vitu bila kuaga," alisema. Printa ya kuchapia alama hizo nayo ikakataa kuutambua mfumo mpya, mpaka alipoiwekea programu yake. Kufikia alasiri alama zilikuwa zimetumwa.

Mwalimu Damaris hakutabasamu. Yeye, Mwalimu Mkuu na Kache wakaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Mama Pola, wakamkuta akipalilia mahindi, Pola kando yake. Mwalimu Mkuu akaomba radhi na kumrudishia ufunguo. Kisha ikawa zamu ya Kache.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyeiharibu kompyuta, nikanyamaza ukisingiziwa. Nisamehe."

Mama Pola aliweka jembe chini. "Marahaba. Kubofya kwako hakukuniumiza, mwanangu. Kilichoniumiza ni siku nne ulizokaa na mtoto wangu dawati moja, ukamwona analia, ukanyamaza. Nimekusamehe. Lakini kesho gwarideni uyaseme haya mbele ya watu wote, yafike na bombani."

Pola alikuwa amegeuka, akiendelea kupalilia.

Njiani, Mwalimu Damaris aliuchukua ufunguo wa Kache akautia mkobani.

"Mashine ilipokushinda, ungekuja kwangu ningekukaripia, kisha tungeitengeneza siku ileile," alisema. "Kukosea si ajabu, hata mimi huo mfumo mpya utanihangaisha. Lakini kosa lako ukilificha, hutafutwa mwingine wa kulibeba. Likiri lingali changa, Kache, kabla halijamwangukia asiye na hatia."

"Ndiyo, Mwalimu," Kache alijibu huku akilia. "Na Pola je?"

"Pola mpe muda. Na kuanzia kesho, mpe ukweli."