Themosi ya Zadock

"Mti umeanguka," simu ilisema. "Saa nne."

Kerubo alikata simu na kukanyaga mafuta. Toyota Highlander yake iliteleza kwenye barafu ya Minneapolis, ikanyooka, ikaendelea. Hiyo ilikuwa lugha ya siri ya Kitengo cha Misitu: ushahidi umeibwa, na kura ni saa nne asubuhi.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

Kilichoibwa ni vijiti saba vya mbao, vyembamba kama mirija ya soda, vilivyotobolewa kwa keekee kutoka ndani ya miti ya kaskazini. Upuuzi, ungesema wewe. Lakini sheria ina pengo: msitu uliowahi kuungua hukatwa bila kibali. Kampuni moja ya mbao iliapa kwamba msitu ule uliungua miaka sitini iliyopita. Pete za vijiti, moja kwa kila mwaka wa mti, zilionyesha miaka mia mbili bila moto. Leo kamati ya bunge kule Saint Paul ingeliziba pengo hilo, mradi ivione vijiti kwa macho yake. Bila vijiti, hakuna kura; na mashine zilikuwa tayari ukingoni mwa kinamasi, zikisubiri kuingia kabla barafu haijayeyuka.

Skrini ya Garmin, ramani ya gari lake, ikamulika. Kisanduku cha vijiti, chenye kifaa cha kufuatilia ndani yake, kilikuwa kwenye jengo la kuegesha magari karibu na kituo cha treni.

Alikikuta ghorofa ya tatu, kwenye pipa la taka.

Kitupu.

Hatua kumi kutoka pale, Camry ya kijivu ilikuwa inanguruma. Ndani yake, akiwa na sare ya unesi, alikaa Zadock. Mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, unafanya nini huku na hii baridi?"

"Kazi. Na wewe?"

"Nimetoka shift. Na-wait jamaa wa job tu-share ride."

Kerubo alifurahi kumwona, jamani. Akaingia ndani apashe mikono moto. Kati yao ilisimama themosi ya maua mekundu ambayo mama yao aliituma kutoka Kisii, na kila akipiga simu huuliza kama Zadock anaisuza vizuri.

Dakika moja. Mbili. Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na Zadock hakumkaribisha chai.

Zadock, ambaye tangu utotoni hajawahi kugusa kikombe kabla ya dada yake.

"Nimiminie."

"Imeisha."

Akaichukua. Ilikuwa baridi. Akafungua kifuniko: vijiti saba, vimefungwa kwa bandeji ya hospitali.

"Watu wa kampuni walisema wata-sort makaratasi yangu," Zadock alisema huku akilia. "Visa ina-expire mwezi ujao, Keru. Ni vijiti tu."

Tahoe nyeusi, gari la yule aliyekuwa anasubiriwa, ikapanda ghorofani. Kerubo alitoka na bastola yake ya Glock. Risasi mbili, tairi mbili za mbele.

Mkuu wake Habiyaremye, Mkongo asiyepoteza maneno, alikuwa kwenye simu.

"Uko navyo?"

"Ninavyo. Mnunuzi yuko kwa Tahoe, ghorofa ya tatu."

"Bien. Watu yangu wanapanda. Nani alivishika?"

Kerubo akageuka kuitazama Camry.

"Kama jina ya mtu moja inakosa kwa fomu ya ushahidi, kamati inavikataa. Ni nani?"

Angeweza kusema ni yule wa Tahoe. Camry ingeteremka taratibu, na Zadock angelala kwake, mtaani New Hope. Lakini mawakili wa kampuni wangeipata picha ya kamera za jengo kabla ya mchana, na msitu ungekwenda na uongo wake.

"Zadock," alisema. "Ndugu yangu."

"Pole sana, dada," Habiyaremye akasema, na watu wake wakafungua mlango wa Camry.

Saa nne kasoro dakika tano, vijiti vilikuwa mezani mbele ya kamati. Mbunge mmoja alihesabu pete kwa ncha ya kalamu mpaka akachoka. Mswada ukapita, kumi na moja kwa nne, na mashine zikaamriwa zisiguse mti. Watu wakapeana mikono.

Kerubo alishuka ngazi za bunge bila haraka, miwani ya jua usoni, kwapani themosi ambayo hakuna aliyeiulizia. Nyuma ya miwani alikuwa analia, na hakujifuta.

Simu ikaita. Kisii.

"Kerubo, mwanangu, Zadock hashiki simu. Yuko kazini?"

"Yuko na watu, Mama."

"Mwambie asisahau kusuza themosi."

"Leo nitaisuza mimi, Mama," alisema, akaendelea kutembea kuelekea gari.