Shangazi wa Upande wa Mama

Simu ya ukutani ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Sindano, kama wakubwa wake wa ujasusi walivyomwita, aliibana kati ya sikio na bega, mikono yake ikiendelea kushona.

"Uzi umeoza," sauti ya Mkuu ilisema.

"Umeozea wapi?"

"Kwenye foleni yako, asubuhi hii. Ni bomu. Likilipukia melini, serikali itafunga njia. Hakuna kifurushi kitakachovuka bahari tena."

"Sura ya mwenye nalo?"

"Hatuna. Ametumwa kutoka nje, na lugha yetu anaijua kuliko wewe."

"Hilo si gumu," Sindano alisema, akakata simu.

Ukumbi wa vifurushi ulinuka sabuni na jasho. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini njaa haikupewa taarifa. Ng'ambo, ndugu za watu walisubiri maziwa ya unga, soksi na barua. Kila kifurushi kilishonewa kitambaa cheupe kabla ya kusafiri. Kwa hiyo jasusi alikaa hapo kama mshonaji, miwani puani, bastola ya Walther chini ya vitambaa.

Miguuni pake palikuwa na kifurushi chake mwenyewe. Mama mdogo wake alikuwa huko ng'ambo, akilea wajukuu yatima kwa supu ya maganda ya viazi.

Mungu wangu, aliomba kimoyomoyo, nionyeshe adui kabla yeye hajaniona.

Mwanamume mwenye koti la kijivu alipenya hadi mezani.

"Baba, foleni ina mkia," alifoka mama mnene ambaye ukumbi mzima ulimwita Mama Mdomo. "Nenda ukaushike!"

"Niwie radhi, mama. Haba na haba hujaza kibaba, nami nina haba moja tu."

"Mdomo unao. Adabu ndiyo huna."

Mtu yule aliweka sanduku mezani. Meza ililalamika.

"Kuna nini humu?" Sindano aliuliza.

"Maziwa ya unga na barua."

"Kinaenda kwa nani?"

"Shangazi yangu. Mjane wa vita, maskini."

"Pole. Ndiye aliyekulea?"

"Kama mwanawe. Ni mdogo wake mama, toka nitoke."

Sindano ya kushonea ilikwama katikati ya mshono.

Mdogo wake mama. Shangazi.

Methali mtu huyu alikuwa nazo. Nahau alikuwa nazo. Shangazi wa kumfinya masikio utotoni hakuwahi kuwa naye.

Mkono wa Sindano ulianza kuteleza taratibu chini ya vitambaa. Lakini Mama Mdomo alikuwa amesikia pia.

"We! Tangu lini mdogo wa mama akawa shangazi? Kwani mama yako mwanamume?"

Foleni nzima iliangua kicheko.

Mwenye koti hakucheka. Aliutazama mkono wa Sindano.

Akaelewa.

Alibonyeza kitu ubavuni mwa sanduku, akachomoa bastola.

Pa!

Risasi ilipasua kioo cha saa ya ukutani. Sindano alikuwa tayari sakafuni.

"Laleni chini!" alipaza sauti.

Watu walianguka kama magunia. Mwenye koti alikimbilia mlangoni, akikwazwa na waliolala.

Tik, tik, tik, lilisema sanduku.

Kumfuata yeye au kubaki na bomu? Sindano alibaki.

Alifungua mfuniko kwa ncha ya mkasi. Maziwa hayakuwemo. Zilikuwemo nyaya, baruti na saa ndogo iliyokuwa ikikimbia.

Mkono huu umeushika wewe, Bwana. Usiuachie sasa.

Waya mmoja ulitoka kwenye betri. Aliukata.

Kimya.

Kisha mlangoni, puu! Mama Mdomo, akiwa amelala kifudifudi, alikuwa amerusha kifurushi chake cha miche ya sabuni. Kilimpata mwenye koti kisogoni, akaanguka.

"Hiyo ndiyo salamu ya mashangazi," alisema, akijikung'uta vumbi.

Sindano alimfunga yule mtu mikono kwa kamba ya vifurushi. Mafundo mawili, kama ya safari ndefu. Simu ililia.

"Uzi?" aliuliza Mkuu.

"Nimeukata. Tuma gari. Meli iondoke."

Alirudi mezani, akamalizia mshono wa kifurushi chake, akakibusu kidogo, akakiweka juu ya rundo la kwenda bandarini. Akavaa koti.

Mfungwa aliinua uso, macho yamejaa chuki.

"Nani amenisaliti?"

"Shangazi yako," Sindano alisema, akatoka.